Mdogo wangu ananifanya mgeni kwetu kwa sababu ya usiku mmoja wa muziki

Assalam aleikum shangazi,

Nakuandikia kabla ya adhana ya alfajiri na sijalala. Nimegeuka huku na huku, nimehesabu boriti za dari mpaka nimechoka, na kila nikifumba macho namsikia mdogo wangu akiniambia "karibu". Karibu chai. Karibu ukae. Karibu ukoge, maji ya moto yako tayari. Shangazi, mimi nimezaliwa katika nyumba hii. Tangu lini mtu akakaribishwa kwao?

Najua utasema huo ni ukarimu. Sivyo. Watu wa Lamu unatujua, unajua mtu anavyoweza kukukata kwa adabu. Amenitolea vikombe vya kabatini, vile ambavyo mamangu hakuturuhusu kuvigusa mpaka aje mgeni. Ananipakulia mimi kwanza. Nikishika ufagio ananipokonya kwa upole. Jana nilitaka kumwogesha mama, akanizuia mlangoni: "Wacha, wewe hujui anavyogeuzwa." Aliyasema kwa sauti ya chini, hata hakunitazama. Afadhali angenipiga kofi.

Na yote haya ni kwa ajili ya Coldplay.

Wako watakaosoma wakasema hawa wamekosa la kugombania. Hawajui. Bendi hii kwetu si ya jana. Mjomba alikuwa akifanya kazi nyumba ya wageni kule Shela, mgeni mmoja wakati wa kuondoka akamwachia sidii na kiredio chake, naye akatuletea. Kiingereza chenyewe tulikuwa tukikiokoteza. Tulikuwa tukipanda juu baada ya magharibi, waya wa masikioni yeye sikio moja na mimi moja, na mama chini akiuliza, "Huyo kijana analia nini? Amefiwa?" Tuliimba maneno ambayo hatukuyajua maana mpaka tulipokuwa watu wazima.

Lakini mjuzi ni yeye, sikatai. Yeye ndiye anayejua kwamba wale wanne walikutana chuoni London miaka ya tisini, na anawataja mmoja mmoja: Buckland wa gitaa, Berryman wa besi, Champion wa ngoma. Mimi nilikuwa nikimjua Chris Martin, mwimbaji wao, basi. Novemba 2019 walipopiga Amman, Jordan, pale kwenye magofu ya ngome ya kale, mara moja jua likichomoza na mara ya pili likitua, tulichanga bando tukatazama kwa simu moja. Siku zile zile wakatangaza kwamba hawatazunguka tena duniani mpaka wapate njia ya kufanya ziara bila kuharibu mazingira. Mdogo wangu akasema, basi hatutawaona maisha. Nikamwambia tutawaona, sote wawili. Nililisema neno hilo. Ila neno la kumliwaza mtu si hati ya korti, shangazi, au sivyo?

Kisha mimi nikapata kazi ya hoteli Abu Dhabi, na mama alipopatwa na kiharusi nilikuwa huko. Mdogo wangu alikuwa na wateja wake wa piko na hina, maharusi walikuwa wakimwita mpaka Faza. Akaacha. Mimi sikumwambia aache. Naomba hili ulielewe, kwa sababu watu wanalisimulia kana kwamba nilimfunga kamba.

Habari ya kwamba wanakuja Abu Dhabi aliniletea yeye, mimi niliyekuwa naishi mji huo huo sijasikia. Uwanja wa Zayed Sports City, Januari 2025. Tiketi ziligombaniwa mpaka siku zikaongezwa zikafika nne, tarehe 9, 11, 12 na 14. Alikuwa keshapanga kila kitu: visa ya matembezi, mama mdogo aje kutoka Matondoni alale na mama, na mkufu wake wa dhahabu auuze apate nauli. Nikamwambia haiwezekani. Nililala usiku kucha nikilifikiria kabla ya kumwambia, sikukurupuka. Mimi nalala chumba cha wafanyakazi, vitanda vya juu na chini, ningemweka wapi? Mama mdogo mwenyewe ana presha. Na hakuna hata mmoja aliyenijibu hili mpaka leo: mama akizidiwa usiku na sisi sote wawili tuko uwanjani ng'ambo ya bahari, ingekuwaje?

Akasema, "Sawa dada." Hakubisha. Mimi nikadhani ameelewa.

Tiketi yangu niliinunua kwa jasho langu. Pesa za dawa na za nepi zilitumwa mwezi ule kama kila mwezi, M-Pesa ina kumbukumbu. Nilikwenda na Mfilipino ninayelala naye chumba kimoja, ambaye hata nyimbo hazijui vizuri, na picha yake nami ndiyo iliyosambaa katika kundi la familia. Kuna binamu anayenisema eti nilikwenda kucheza mwezi mtukufu wa Rajabu. Huyo simjali, naye ana yake.

Shangazi, ningekueleza usiku ule ulivyokuwa ukanielewa. Mlangoni kila mtu anapewa bangili ya plastiki nyeupe. Ukiivaa haina kitu. Alianza Elyanna, binti wa Kipalestina, akaimba kwa Kiarabu, na kina mama wa buibui waliokuwa mbele yangu wakaimba naye. Kulikuwa na Wahindi, Waarabu, Wafilipino, Waafrika wenzangu wenye sare za kazi chini ya makoti. Kisha taa za uwanja zikazimwa, bendi ikapiga, na bangili zote zikawaka kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, nyekundu, halafu buluu, halafu manjano, zinaongozwa na mitambo zikifuata ngoma. Mkono wangu mimi, huu unaosugua vyoo vya watu, ulikuwa ni sehemu ya ile nuru. Nililia kwa sauti. Mfilipino akanishika bega. Kulikuwa pia na sakafu ambayo watu wakirukaruka juu yake inazalisha umeme, na baiskeli za kupiga pedeli vilevile. Mdogo wangu alikuwa ameniambia yote hayo kabla, na kwamba kila tiketi inayouzwa unapandwa mti mmoja, na mimi nilikuwa nikiyaona kwa macho yangu kama mtu anayesomewa barua yake na mwingine.

Nikampigia kwa video. Nani mwingine ningempigia? Kwetu ilikuwa saa mbili na kitu za usiku, kule tuko mbele kwa saa moja. Akashika. Alikuwa ameketi kitandani kwa mama, taa ya chumba ile hafifu, mama amelala. Nikamwelekezea jukwaa. Nikamwona amefunika mdomo kwa mtandio. Wimbo wetu ule wa kurukaruka ukaanza, na mara Chris Martin akausimamisha, akaomba kila mtu aweke simu yake, tuimbe wimbo huu mmoja bila simu. Wanaomfuata wanajua ni desturi yake. Watu wote wakaziweka. Mimi nikamwambia mdogo wangu, "Wanasema tuweke simu," nikakata.

Hilo ndilo kosa langu analolijua yeye. Kwamba nilimkatia.

Nilipofika nyumbani Ramadhani hii hakuniuliza kazi, hakuniuliza afya. Aliniuliza, "Bangili iko wapi?" Shangazi, bangili zile hazichukuliwi. Zinarudishwa mlangoni mtu akitoka, zitumike tena kwengine, na yeye anajua kuliko mimi, ni katika yale yale ya mazingira. Wako walioondoka nazo, ni kweli. Mimi niliirudisha kwa sababu waliomba. Akasema, "Umefanya vyema," akaenda kunitilia chai. Kwenye kile kikombe.

Siku ya pili ya Idi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, wewe mwenyewe unajua huyo mtu huwa anaomba watu waweke simu, ulitaka nifanyeje? Akanijibu, "Najua. Ndiyo maana nilingoja upige tena." Akasema alikaa na simu mkononi mpaka ikaisha chaji.

Mtandao ulikuwa umelemewa, watu wote wale mahali pamoja. Na wimbo ulipokwisha ukaingia mwingine. Na kama unataka niseme kweli, sikutaka kupiga tena. Nilitaka zile dakika ziwe zangu, nisiuone ule mtandio na ile taa hafifu. Tangu nimetoka Lamu kila ninachokula nafikiria kilo ngapi ya unga ningetuma badala yake. Usiku mmoja, shangazi. Nilimwomba Mungu usiku mmoja niwe mtu asiye na mtu nyumbani. Sioni kwa nini niombe radhi kwa hilo, na sitaomba. Lakini nataka aniite dada tena kwa ile sauti yake. Nataka tuketi juu baada ya magharibi nimhadithie mwanzo hadi mwisho, aniulize walianza na wimbo gani, Champion aliimba au hakuimba, maana hakuna mwingine hapa mjini wa kumhadithia. Nimekaa na usiku ule kifuani, sina wa kumpa. Nikianza tu, anasema, "Ngoja nimgeuze mama."

Majirani wanamsifu mbele yangu. Binti mwenye radhi, wanasema, pepo yake iko hapa hapa. Nami mwenye kulipa hiyo nepi nimekaa pembeni na kikombe cha mgeni.

Jambo jingine sijamwambia mtu. Likizo yangu inakwisha na mwajiri anataka kujua kama natia saini tena. Msimamizi aliniuliza pia kama nina ndugu mwaminifu, kwa kuwa wanatafuta mtu. Nilimjibu sina. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Labda kwa sababu kule ni kugumu, na yeye ni mpole, watamwonea. Labda kwa sababu akienda yeye, ni mimi nitakayebaki na mama, na mimi kweli sijui anavyogeuzwa. Je, nimwambie kuhusu kazi hiyo? Nimwachie nafasi nikae mimi? Pesa zikipungua je, maana mshahara wa kuanzia si ule wangu? Na akikubali kwa moyo mkunjufu, nitajuaje kama amenisamehe au amefurahi tu kuniondokea?

Mimi sitaki kukaa Lamu, shangazi. Naipenda lakini sitaki. Wala sitaki kurudi Abu Dhabi nikiwa nimeagwa kama nilivyokaribishwa, mpaka gatini, na kikapu cha mahamri, na "safari njema" ya adabu.

Nieleze basi nianze na lipi, lile la simu au hili la kazi. Nikianza na la simu atasema yameisha. Nikianza na la kazi atadhani namhonga. Tafadhali nijibu mapema, saini yangu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na ukiichapisha barua hii usitaje mtaa wetu, yeye hukusoma kila wiki.

Dada mkubwa, Lamu