Asante, wewe uliyetuonyesha jinsi ya kumchagua wakili wa kusimamia ununuzi wa nyumba

Ndugu yetu, hukutaka kutajwa jina, basi pokea shukrani hizi hivyo hivyo.

Ulisisitiza kwanza tuulize kama wakili yumo kwenye orodha ya benki inayotoa mkopo. Asipokuwemo, benki huweka wakili wake yenyewe, na mnunuzi huishia kulipia wawili na kusubiri zaidi. Hapa Uingereza wengi hulijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Ulitutaka pia tudai bei kwa maandishi, ada ya wakili kando na gharama za nje: upekuzi wa kumbukumbu za halmashauri kuhusu nyumba, upekuzi wa maji na mitaro, usajili wa hati. Bei inayovutia mno mara nyingi imeyaacha hayo. Na lile swali lako, "Nani hasa atashika faili letu, na akienda likizo je?", limetufaa kuliko yote. Faili lisilo na mwenyewe hulala wiki nzima kwa kukosa jibu la barua moja.

Onyo la amana nalo hatutalisahau. Kabla ya kutuma ile 10% ya bei ya nyumba, ambayo kwa kawaida hulipwa mnunuzi na muuzaji wanapobadilishana mikataba iliyotiwa saini, mpigie wakili kwa namba uliyoichukua mwanzoni, kamwe si iliyo kwenye barua pepe mpya, maana matapeli hudukua barua pepe na kubadili namba ya akaunti.

Umetukumbusha hata kodi ya ununuzi wa nyumba: hulipwa ndani ya siku 14 tu baada ya kukamilisha ununuzi. Mungu akuzidishie.