"Jackboot" si buti la jeki

Mhariri,

Waingereza wakitaka kuutaja utawala wa kidikteta kwa neno moja husema "jackboot", na hapo ndipo wafasiri wa habari za nje wanapokwama. Anayeandika "buti la jeki" humpeleka msomaji nyuma ya gari, kunakowekwa jeki. Anayeandika "buti" tupu humfanya aone kiatu cha kamba cha askari wa leo, nacho sicho.

Kiatu kinachokusudiwa ni cha askari wa miguu wa Ujerumani wa enzi ya Hitler. Kilikuwa cha ngozi, hakina kamba, kinavutwa mpaka karibu na goti. Mwaka 1939 kilifupishwa ili ngozi itoshe. Soli ilipigwa misumari 35 hadi 45 yenye vichwa vinene, na kisigino kikatiwa chuma kilichopinda mfano wa kile cha kwato za farasi. Katika baridi ya Urusi misumari hiyo iliwaponza wavaaji, kwani chuma kilipitisha baridi hadi nyayoni. Lakini ndiyo iliyokipa kiatu maana yake: kikosi kikipita juu ya barabara ya mawe, waliojifungia ndani walisikia kishindo kabla ya kumwona mtu. Jina lenyewe Waingereza walilihamisha kutoka buti gumu la wapanda farasi wa karne ya 17.

Pwani yetu haina kumbukumbu ya kishindo hicho. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki, kwa miaka mingi walikwenda pekupeku. Ukali wa Mjerumani kule Tanganyika ulikaa kwenye kiboko, na viboko 25 vikapata jina lao, "hamsa wa ishirini". Kiswahili nacho hutafuta nguvu ya mtawala ubavuni, si mguuni, ndiyo tukasema mabavu.

Basi nchi iliyo chini ya kiatu hicho iandikwe "inatawaliwa kwa mabavu", na polisi wa aina hiyo wawe "polisi wa mabavu". Kiatu chenyewe kikiwa ndiyo habari, kiitwe "buti refu la askari lisilo kamba", na picha ichunguzwe kabla ya kuchapwa. Kwenye shairi au katuni, ambako mguu lazima uonekane, kitenzi "kanyaga" kinatosha. Kiatu hakihitaji kutajwa.

Wafasiri wawili,
Chake Chake, Pemba