Mwanangu, taa moja inakutosha

Mwanangu,

Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Nimesikia wahitimu wameanza kumiminika studio, nawe unataka hela ya taa ya pili. Sikupi. Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Mali, alifungua studio Bamako mwaka 1948, akawapiga watu picha uani kwa mwanga wa jua, mara nyingi picha moja tu kwa mteja.

Weka taa pembeni ya mteja kwa nyuzi 45 hivi, juu kidogo ya macho yake. Kisha tazama kivuli cha pua. Kikishuka kuelekea kona ya mdomo na kukutana na kivuli cha shavu, chini ya jicho la upande wa giza hubaki pembetatu ndogo ya mwanga. Huo ndio mwanga wa Rembrandt, uitwao kwa jina la yule mchoraji. Kikifika mdomoni, umeipandisha taa mno.

Na acha kuisukuma softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa taa, ukutani ili upate nafasi! Ikiwa mbali, vivuli vinakuwa vikali, na umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mteja ni robo tu. Upande wa pili simamisha ubao mweupe urudishe mwanga kwenye kivuli, basi.

Joho jeusi litakushawishi uongeze mwanga; wewe pima kwa ngozi ya uso. Ile kofia nayo hutia macho kivuli, kwa hiyo irudishe nyuma kidogo, ushushe taa, na mhitimu ashike rifleta, kile kibao cha kurudisha mwanga, usawa wa tumbo, nje ya picha. Ukiona kidoa cheupe kwenye mboni, piga. Jasho la pua na paji lifute kwa tishu kabla, si kwenye kompyuta. Atakayesema "nitoe mweupe", mtoe alivyo, akiiona picha atatulia.

Kwenye pozi, usimwambie mtu "simama vizuri", atakakamaa kama yuko gwaride. Mwambie uzito auweke mguu wa nyuma, kifua kigeuke pembeni kidogo, uso uje kwako. Halafu asogeze uso mbele kidogo na kushusha kidevu. Mwenyewe ataona anachekesha, ila picha itatoka na taya safi, bila kidevu cha pili. Mikono ikimsumbua, mpe cheti ashike.

Nitumie picha tatu za wiki hii, ambazo hujazigusa. Hela tutaongea baada ya mahafali.

Baba yako