Shangazi, upepo wa baridi ukikukuta mwaloni

Shikamoo shangazi,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikakujibu juujuu, na limenikaa moyoni tangu siku ile. Kwa nini hapo Musoma, mwaloni unapoanika dagaa kando ya Ziwa Victoria, kabla ya mvua ya alasiri fukuto linabana na mwili unanata jasho, halafu mvua ikinyesha, kila kitu kimelowa, hewa inakuwa nyepesi?

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa. Hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia imebeba mvuke. Mvuke ukirundikana karibu na ardhi, jasho halikauki. Hilo ndilo fukuto lako. Hewa hiyo ikipanda hupoa, mvuke unageuka matone. Kila kilo moja ya mvuke inayogeuka huachia kilojuli zipatazo 2,500 za joto, na joto hilo hulisukuma wingu juu zaidi huku likivuta mvuke mwingine kutoka chini.

Sasa mvua inashuka. Matone yakipita kwenye hewa ambayo haijashiba mvuke, baadhi hukauka njiani na kuipoza, kama mtungi wa bibi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Hewa iliyopoa ni nzito: inaanguka, inagonga ardhi, inatawanyika. Ndio ule upepo unaokupindulia nyavu za kuanikia hata kabla ya tone la kwanza. Nao huja na hewa ya juu, ambayo mara nyingi ni kavu.

Hapo ndipo asilimia za unyevu zinapowachanganya watu. Tuseme kabla ya mvua ni nyuzi 30 na unyevu ni asilimia 60: kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu kama 18 za mvuke. Upepo ukishusha joto hadi nyuzi 20, kipimo kikasoma asilimia 90, mvuke haufiki gramu 16. Asilimia imepanda, mvuke umepungua! Ngozi yako inafurahi, lakini dagaa hawakauki, kwa kuwa hewa ya baridi imekaribia kushiba.

Kwa hiyo upepo ukigeuka ghafla kuwa wa baridi, usingoje tone, kunja nyavu. Na kaka anayetoka na karabai usiku mwambie hivyohivyo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, pepo za kandokando hukutana katikati ya maji, na mawingu ya radi hujengeka hukohuko kuelekea alfajiri. Akihisi baridi ya ghafla usoni, avute nyavu aelekee nchi kavu, hata kama mtumbwi haujajaa.