Heri ya mwaka mpya, kwa Kiswahili tu

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, nawasalimu wote, mliokwisha panda Moshi kuhesabiwa na nyie mliobaki Dar mnasingizia nauli. Mi huku Tokamachi, Japani, sijambo kwa neema ya Mungu, theluji inadondoka tangu alfajiri na mume wangu yuko juu ya paa. Nachukua nafasi hii kuwatakia heri ya Krismasi tuliyoimaliza na mwaka mpya 2026 wenye afya, amani na baraka tele, Mungu awaongezee pale mlipopungukiwa.

Hiyo nimeiwahisha makusudi, maana hapa nyumbani mwaka huu siruhusiwi kuitamka. Tumefiwa, na mwenye msiba huku hasemi heri ya mwaka mpya, hatundiki kamba ya mabua ya mpunga mlangoni, haendi kusali kwenye lile hekalu la mlimani, kadi hatumi wala hatumiwi. Novemba tulisambaza zile kadi za kijivu za kuwaambia watu kwamba safari hii msituhesabu. Na kadi yenyewe stempu ni yeni 85, hadi Septemba 2024 ilikuwa 63, yaani hata kuomba radhi kumepanda bei jamani. Ila Kiswahili hakuna aliyekikataza, kwa hiyo leo mtanisoma mpaka mchoke.

Aliyetutoka ni baba mkwe. Mnamkumbuka, yule mzee wa kwenye video aliyekuwa anamwonyesha mama ndizi za dukani amuulize kama ni za kwetu, mama anamjibu kwa Kichaga kwamba hizo hata hazijakomaa, wanacheka wote wawili hakuna anayemwelewa mwenzie. Februari theluji ilishuka siku tatu bila kupumua. Mume wangu akampigia toka kazini, baba subiri Jumamosi tupande wote na kamba tufunge, mzee akaitikia ndiyo ndiyo, Alhamisi akapanda peke yake. Miaka 79. Sisi tuliokua tunaiangalia Kibo asubuhi tunajua theluji ni pambo, mi sikujua kama ina uzito. Ikikaa siku kadhaa ikajishindilia, mita moja ya ujazo inafika kilo 300, nyumba ya mbao inaanza kulia usiku na ile milango ya kuteleza inagoma kufunguka, hapo ndo unajua paa limeelemewa. Ikamporomokea. Jirani aliona mpini wa beleshi tu.

Mtu huyuhuyu tetemeko la tarehe 23 Oktoba 2004 alilala kwenye gari na familia siku kadhaa akatoka mzima. Na mji wenyewe, watu hawafiki hata 50,000, ndo ulianzisha sherehe yake ya theluji mwaka 1950 kwa neno kwamba tuifanye rafiki, na yeye kila Februari alikuwa anajenga sanamu na wazee wenzie wa mtaani. Safari hii walikuwa wameshaanza, wakaimalizia bila yeye. Sikwenda kuiona.

Kuhusu maisha, magumu kama kwenu. Hapa ni kwenye mpunga hasa, mashamba ya ngazi mpaka juu mlimani, mchele wa huku unaoitwa Koshihikari Japani nzima wanautamani, lakini mwaka huu wa 2025 mchele wa kilo 5 dukani umepita yeni 4,000, halafu Julai mvua ikagoma kabisa. Mnaolia na bei ya mchele wa Kyela, tulie wote. Shamba la mzee sijui nani atalima, mume yuko kiwandani na mimi ni mtu wa migomba. Hata ule mti wa kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, aliokuwa anauachia tunda moja kule juu la ndege tumeambiwa tuchume yote, dubu wanashuka mpaka mtaani.

Sasa niseme kitu ambacho hata mume wangu sijamwambia. Ile wiki nilikuwa nimemnunia mzee. Alisema bado nashika lile beleshi kubwa la kusukumia kama mgeni, miaka sita niko hapa, likaniuma. Alhamisi asubuhi kabla hajapanda alinisafishia njia toka mlangoni hadi kwenye gari, mpaka pembeni akapanyoosha vizuri, nikapita. Sikumwamkia. Mimi, niliyelelewa na bibi ambaye usipomwamkia asubuhi hupewi chai.

Kwa hiyo nawaomba jamani, salimianeni. Mmekusanyika huko, mbege ipo, mbuzi kachinjwa, halafu kuna mtu na kaka yake wanapishana getini hawasemeshani kisa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, migomba mitatu! Ng'oa jani la sale, lile la kuombea msamaha, nenda kapige hodi, usisubiri kikao cha ukoo, usisubiri yeye aanze kwa sababu wewe ndo mkubwa. Na nyie mnaotuma picha za mishumaa na maua kwenye magrupu matano kwa mpigo, mama yako mzazi umempigia lini? Maandiko yako wazi, acha sadaka yako hapo madhabahuni, kwanza ukapatane na ndugu yako. Haijaandikwa ukapatane ukishapata likizo. Mtu anakwenda kwenye paa dakika moja tu, wewe umebaki na mdomo umejaa shikamoo na hakuna wa kumpa.

Haya, nimehubiri, mnisamehe. Usiku tutakula samoni kama kila tarehe 31, kimya kimya, wali wa kwanza kuchotwa naupeleka mbele ya picha yake. Hapo huwa namwamkia. Kwa Kiswahili, polepole.

Mume wangu anagonga bati, maana yake nitoke nisimame chini nimwone, siku hizi hapandi mtu peke yake hapa. Mwambieni mama asikae mbali na simu, nikimaliza napiga.