Kanda iliyoandikwa "Bibi" tu

Mhariri,

Siku hizi anayekwenda kumwona mzee hutoa simu na kumrekodi akisimulia ya zamani. Jambo jema, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni uzembe wa hapo katikati na wa baadaye.

Nina kaseti ambayo marehemu mjomba alimrekodi bibi yetu. Juu yake pameandikwa neno moja: "Bibi". Hakuna tarehe. Katikati ya masimulizi bibi anasema, "Mpaka wetu ulianzia pale, ukaja hivi, ukaishia kwenye ule mti." Bila shaka alikuwa akinyoosha kidole. Mjomba anaitikia, "Enhe." Basi! Pale ni wapi? Mti gani? Laiti mjomba angetamka tu, "Bibi anaonyesha upande wa mtoni," leo tusingekuwa tunapiga ramli.

Taaluma hii si ngeni. Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kilifungua ofisi ya historia simulizi tangu mwaka 1948, na wenye kazi yao huanza rekodi kwa kutaja tarehe, mahali, anayeuliza na anayejibu. Hazifiki hata sekunde 30. Humwuliza pia mzee ni nani aruhusiwe kusikiliza, maana yapo ya ukoo yasiyofaa kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kisha kuna kuhifadhi. UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti walishaonya kuhusu kanda za sumaku, kaseti zikiwemo, wakautaja mwaka 2025 kuwa kama ukomo wa kuzihamishia kwenye kompyuta. Tatizo si kanda kuoza tu. Mashine za kuzichezea zinaadimika, na mafundi wake wanazeeka. Simu nayo tusiifanye kabati. Ikiibwa, imeondoka na mzee. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski iliyo nyumba tofauti, na familia ya msimulizi ipewe yake. Nimeona watafiti wakirekodi kijiji kizima wasirudi tena.

Kaseti ya bibi nimeshaihamishia kwenye kompyuta na kuwagawia ndugu. Mama mdogo aliposikia ile sauti alinyamaza kwanza, halafu akacheka: "Huo mti mbona naujua, mwanangu. Siku hizi ni kisiki." Jumamosi nakwenda naye, anionyeshe. Nitamwomba ataje kila anachokinyooshea kidole.

Msomaji wako.