Nilimripoti mtoto wa mwenzangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe jambo linalonikaa kifuani. Naishi Ohio, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijaingia kazini. Najua tuko wengi huku tunaolisoma hivyo hivyo. Nawaandikia hao hasa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nilipiga simu ofisi ya wilaya yetu ya shule nikamripoti mtoto.

Kwa asiyejua mambo ya huku, shule ya umma haipokei mtoto yeyote tu. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zaidi ya 13,000, na mtoto husoma katika wilaya anakolala. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye kodi ya majengo na ardhi ya wakazi wa hapo, kwa hiyo penye nyumba za bei kubwa shule hushiba, na ukivuka barabara moja tu mambo ni mengine. Ohio inaruhusu wilaya kupokea watoto wa kwingine, lakini kila wilaya ina hiari yake, na nyingi za pembezoni mwa miji mikubwa zimefunga mlango. Ndiyo maana wazazi huazima anwani ya babu au shangazi. Na ndiyo maana kuna wilaya zilizoweka namba ya simu ya kuripoti, na mpigaji halazimiki kutaja jina.

Nyumba yangu niliinunua kwa zamu mbili kwa siku, miaka sita. Wakazi wakipiga kura kuongeza kodi ya shule, naiona mfukoni mwangu. Basi kila asubuhi nikisubiri basi la shule na binti yangu, lilikuwa linakuja gari la rangi ya fedha, vioo vimejaa ukungu, likasimama kwenye kona. Mama anageukia kiti cha nyuma, anamalizia kumchana mwanawe nywele, anamfuta mdomo kwa kiganja, anamshusha. Basi likishampakia mtoto, gari linageuza kuelekea mjini. Nikajisemea, hawa hawaishi hapa. Nikaandika namba ya gari nyuma ya risiti ya dukani. Kumsalimia yule mama, sikumsalimia hata siku moja.

Baada ya Krismasi gari halikuja tena. Nikajiona nimetenda haki.

Mwezi wa pili tulipata msiba katika jamii yetu. Jikoni nikajikuta nakausha vyombo kando ya mama yule yule, naye anazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Hakunitambua, asubuhi zile za baridi nilikuwa nimejifunika kofia na skafu hadi puani. Akaanza kusimulia, kama watu wanavyosimulia msibani. Walikuwa wamepanga mitaa mitatu tu kutoka kwangu, miaka miwili. Mumewe akaumia kazini, kodi ya pango ikawashinda, mwezi wa nane mahakama ikaamuru watoke. Wakahamia kwa wifi yake mjini, watu saba vyumba viwili. Mtoto akambakiza shule ile ile kwa sababu alikuwa na mwalimu aliyeweza kumfundisha kusoma, baada ya mwaka mzima wa kukaa kimya darasani. Siku moja akaona mtu anawafuata na gari na kuwapiga picha. Akaitwa ofisini, akaulizwa swali moja: bado mnaishi kwenye anwani hii? Akasema hapana. Kwa nini waliondoka hakusema, aliona aibu. Mtoto akaondolewa.

Nilikausha sahani ile ile mara tatu.

Usiku ule nikakaa kusoma. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iitwayo McKinney-Vento. Mtoto ambaye familia yake imepoteza nyumba ikalazimika kujibanza kwa ndugu, sheria hiyo inamhesabu kuwa hana makazi. Ana haki ya kuendelea na shule aliyokuwa akisoma hata kama sasa analala wilaya nyingine, isipokuwa ionekane kwamba kubaki hakumfai. Mzazi akiomba, apatiwe usafiri. Hata kama hana bili ya umeme wala mkataba wa pango, aandikishwe mara moja, na ukitokea ubishi aendelee kusoma mpaka uamuliwe. Yule mtoto hakuwa amevunja chochote.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Kwetu mtu aliye kwa wifi yake hatuwezi kumwita asiye na makazi, ni kama kumtukana wifi. Tunasema yuko kwao. Kwa hiyo fomu ikiuliza, tunajibu kwa heshima ya ndugu zetu, na haki ya mtoto inapotea hapo hapo.

Wapo wanaodanganya kweli, sikatai, na sishauri mtu aghushi hati. Sisi wenye mafaili ya uhamiaji kesi ya jinai inaweza kutuondoa nchini. Lakini hapa hapa Ohio, mwaka 2011, Kelley Williams-Bolar wa Akron alifungwa siku tisa kwa kutumia anwani ya baba yake ili binti zake wasome wilaya ya jirani. Gavana John Kasich baadaye alimpunguzia makosa yale kutoka makubwa hadi madogo. Na Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeshasema tangu 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba namna ya kugharamia shule kwa kutegemea mno kodi ya majengo ilikuwa inavunja katiba ya Ohio. Hasira yangu ya mlipa kodi ilipaswa kwenda huko. Niliipeleka kwa mtoto wa darasa la pili.

Wiki iliyofuata nilimfuata nikamwambia ni mimi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniuliza, dada?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Lakini alikubali nimsindikize ofisini. Mtoto alirudi mwezi wa tatu, na sasa gari la shule linamchukua kule kule kwa shangazi yake. Mimi mama yake hajanisamehe.

Mliopo Marekani mkilala kwa ndugu kwa sababu nyumba imewashinda, kila wilaya ya shule inatakiwa kuwa na afisa wa watoto wa namna hii. Fikeni shuleni mseme "McKinney-Vento", mtamke hivyo hivyo, na waelezeni kwa nini mlihama.

Mama wa watoto wawili,
Ohio, Marekani